Ufa Uliokunywa Ndoo Nne

Ndoo ya kwanza iliingia yote. Mzee Cornel hakushtuka. Ufa uliopigwa na masika huwa na njia zake.

Akakoroga ya pili, uji wa saruji mwepesi kama wa mgonjwa, akaumimina kwa kopo polepole. Ukaingia. Ya tatu ikaingia. Ya nne alipoimimina aliinamisha kichwa akatega sikio karibu na sakafu ya uwanja, na hapo akasikia jambo ambalo hakuwahi kulisikia chini ya kazi ya mikono yake. Uji ulikuwa unadondoka. Ulianguka kutoka juu kwenda chini, tii, tii, kama maji yanayomwagwa kisimani.

Akaweka kopo chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Lenku."

Naishorua alikuwa amesimama nyuma yake, kitenge kimefungwa juu ya gauni, funguo za hoteli shingoni. Wengi walimwita Mama Lenku kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mumewe alikuwa na ng'ombe huko mbugani upande wa Kilosa. Yeye alikuwa na hoteli hapa Mikumi, kando ya barabara kuu. Nyama ya kuchoma, wali, ugali, chai.

"Mbona ndoo zinakwenda tu?" akauliza. "Unalisha nini hapo?"

"Ufa una kiu."

"Basi unyweshe ushibe. Alhamisi nataka mtu akidondosha ugali hapo nje auokote aule."

Akacheka, akaingia ndani. Cornel akachukua saruji nzito, akaziba mdomo wa ufa kwa mwiko, akalainisha. Kwa juu ilipendeza. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tatu bila kugeuza mgongo, kama mtu anayemtoka nyoka.

Alhamisi lilikuwa linakuja basi. Si kupita tu. Mabasi hupita siku nzima. Hili lilikuwa linakuja kuangalia uwanja, na likiridhika lingefanya hapo kituo chake cha chakula, kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Mama Lenku alikuwa amelisubiri miaka miwili.

Na uwanja ndio uliomletea basi hilo. Yeye mwenyewe alijua hivyo. Ng'ambo ya barabara, Abubakari alipika pilau ambayo hata Mama Lenku aliisifu, kwa sauti ya chini. Lakini mbele ya pilau ya Abubakari palikuwa na mashimo. Kiangazi, gari moja likiingia, vumbi linakaa juu ya mchuzi. Masika, pale pangefaa kupandwa mpunga. Lori moja lilivunja springi mlangoni pake, na dereva akala kwa Mama Lenku siku mbili akisubiri springi nyingine. Watu wa harusi hawakushuka kwa Abubakari. Wagonjwa hawakushuka. Wenye magari madogo walipunguza mwendo, wakatazama, wakakata kona kuja upande huu.

"Mteja anaanza kula kwa miguu," Mama Lenku alipenda kusema. "Miguu ikikataa, mdomo hauulizwi."

Kwa hiyo kila masika yakiisha alimwita Cornel. Aliziba nyufa, akajenga upya kingo zilizoliwa na magurudumu, akazibua mtaro, akapima mteremko ili maji yasilale. Miaka saba alifanya hivyo. Miaka sita alifanya na mkewe, Hildegarda. Yeye alikoroga, Cornel akamimina. Yeye alishika ncha ya pili ya uzi, na kama uzi umeshuka alisema, "Umeshuka, baba."

Hildegarda alifariki mwezi wa kumi, kwa kifua. Sasa Cornel aliifunga ile ncha kwenye msumari. Msumari hausemi kitu.

Lakini hofu ya Jumatatu ile haikuwa ya upweke. Cornel alijua kilichokuwa chini.

Kabla ya zege, yeye alikuwa mtu wa barabara za miwa kule Ruaha. Miaka ishirini na mbili, kwa hesabu yake ya misimu. Mvua ikinyesha na trekta likizama, hakuna anayekimbilia mawe. Unatupa makapi ya miwa kwenye tope, unatupa tena, unakanyaga, na trekta linapita. Makapi yanashika tope kama mkeka. Watu wa miwa wote wanajua hivyo. Kesho barabara ikizama, unatupa mengine.

Siku walipojenga uwanja wa Mama Lenku, pembeni, upande wa kona inayotazama barabara, palikuwa na shimo. Ndipo ulipochimbwa udongo wa matofali ya hoteli yenyewe. Lilikuwa refu kuliko mtu. Kifusi cha kulijaza kilikuwa kinakuja na lori, na lori likaharibika njiani. Zege lilikuwa limeshapangwa asubuhi ya kesho, vibarua wameshaitwa, mvua inanusa. Jirani mmoja alikuwa na rundo la makapi kwa ajili ya kuchomea matofali. Cornel akaliomba.

Walibeba yeye na Hildegarda, karai kwa karai. Wakajaza, wakakanyaga mpaka pakawa pagumu kama kiwanja cha mpira. Wakaweka udongo juu kiasi cha shubiri. Hildegarda akafuta jasho, akasema:

"Cornel, hii si itaoza?"

"Itaozaje, na itakuwa imefunikwa?"

"Nimeuliza tu."

"Wewe beba. Kazi ya kuuliza niachie mimi."

Hakuuliza tena. Asubuhi wakamwaga zege. Lakini kwa miaka sita, kila walipokuja kuziba nyufa, Hildegarda hakuwahi kukanyaga ile kona. Akiwa na ndoo kichwani alizunguka. Cornel alidhani anakimbia jua. Sasa, amepiga magoti pale na kopo tupu, alielewa kwamba kona ile asubuhi huwa na kivuli.

Hakikuanguka kitu miaka yote kwa sababu pale juu palikaa bango la hoteli, limezungushiwa matofali, na gari halikupita. Wiki iliyotangulia Mama Lenku alilihamisha bango. Basi lilihitaji mahali pa kugeuzia.

Jumanne alfajiri na mapema Cornel alikuwa pale na kipande cha nondo. Akagonga katikati ya uwanja: ko. Akagonga mlangoni: ko. Akasogea konani, akagonga. Ilijibu kama mtungi.

Upendo, mpishi, alikuwa anawasha moto. "Shikamoo, babu. Unabisha hodi kwa nani?"

"Marahaba. Napima tu."

"Wakikufungulia uniite."

Alicheka na moto wake. Cornel akahisi jasho likishuka mgongoni, na jua lilikuwa halijatoka.

Alitaka kusema. Mama Lenku alipofika alimfuata mpaka jikoni, akasimama.

"Sema, baba."

"Hilo basi. Haliwezi kusimama upande ule wa pili?"

"Upande wa pili kuna nguzo ya umeme. Litageukia wapi, angani?"

"Nimeuliza tu."

Maneno hayo yakamchoma mwenyewe kinywani. Akatoka. Akakata matawi ya miiba, akayapanga kuzunguka kona, akaweka ndoo katikati. Kuandika hajui. Mtu akiona miiba na ndoo ataelewa kwamba saruji ni mbichi. Angalau mpaka Alhamisi.

Aliogopa nini? Si polisi, ingawa nao alikuwa nao kichwani. Aliogopa kuonwa. Mikumi nzima ilimjua kwa sakafu. Hakuwa na shamba, hakuwa na mwana mjini wa kumtumia chochote. Alikuwa na jina tu, na jina lilikuwa limelala juu ya makapi. Tena aliogopa gurudumu. Kila alipofumba macho aliliona likiingia, halafu basi likiinama, halafu vioo. Alihesabu viti vya basi asivyoviona. Alianza upya.

Jumatano asubuhi alifunga mfuko wake, akaenda kona ya magari ya Kilosa. Alijiambia anakwenda kuona kaburi. Hildegarda alizikwa Kilosa kwa ndugu zake, na dada yake, Regina, alikuwa huko. Atakaa siku tatu, nne. Atakayoyasikia atayasikia huko.

Aliketi kwenye jiwe, mfuko magotini. Gari la Kilosa lilikuwa halijajaa. Kutoka pale hoteli ilionekana vizuri. Haizidi hatua mia mbili. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, unang'aa. Miiba haikuwepo. Kuna mtu mwenye ufagio aliyeona uchafu.

Cornel akasimama.

Basi likatokea upande wa Morogoro, refu, jeupe, limejaa. Likapunguza mwendo. Likawasha taa ya pembeni. Leo si Alhamisi, akasema moyoni, leo si Alhamisi. Likaanza kukata kona.

Akakimbia. Alikuwa na karibu miaka sabini na goti moja lilishakufa, lakini alikimbia, kandambili moja ikabaki barabarani, mfuko ukabaki kwenye jiwe. Mtu wa bodaboda akamzomea. Alikatiza mbele ya lori, akaingia uwanjani kwa upande wa mtaro, akafika konani basi likiwa hatua kumi kutoka pale, akaketi chini. Kwa kuketi alisikia sakafu ikitoa mlio mdogo chini yake, kama mtu anayesafisha koo.

Basi lilifunga breki. Honi ikalia mpaka kunguru wakaruka.

"We babu!" Dereva alitoa kichwa dirishani. Jina lake Hussein, mtu mnene mwenye kofia ya kiua. "Umekosa kitanda?"

"Rudisha gari."

"Nimeambiwa nije kesho nione uwanja, nikaona nipitie leo, sikuambiwa una mlinzi!"

Kondakta akaruka chini. "Mzee, kama umegombana na bibi nyumbani, sisi hatumo! Nyanyuka!"

Abiria wakacheka madirishani.

"Bibi amekufa," Cornel akasema.

Kicheko kikakatika.

"Chini hapa hamna kitu," akaendelea. "Ni pango. Nililijaza makapi ya miwa mimi mwenyewe. Yameoza. Rudisha gari, mwanangu. Nakuomba."

Mama Lenku alikuwa ameshatoka. Alisimama ukingoni mwa kivuli cha hoteli, na Cornel hakuthubutu kumtazama usoni. Alitazama miguu yake.

"Makapi gani?"

"Ya miwa."

"Lini?"

"Siku tulipomwaga zege."

"Miaka saba?"

"Miaka saba."

Hussein alizima injini, akashuka na chuma cha jeki. "Toka hapo kwanza, babu." Akamshika mkono akamtoa, kwa upole ambao haukufanana na ile honi. Halafu akagonga sakafu. Ikajibu. Wote waliisikia, hata waliokuwa madirishani.

Mama Lenku aliingia stoo, akatoka na sururu, akajifunga kitenge vizuri, akapiga. Pigo la kwanza likaruka. La pili likaacha alama. La tatu, kipande cha zege kikubwa kama sinia kikatoweka, na wakasikia kimetua mbali chini. Harufu ikapanda, chachu, ya kitu kilichokufa zamani. Hussein akapiga magoti, akashusha chuma cha jeki kwa urefu wa mkono wake wote. Hakikugusa kitu.

Akakivuta, akavua kofia.

"Abiria hamsini na saba," akasema. Hakuwa anamwambia mtu.

Basi likarudi nyuma polepole, likavuka barabara, likaingia kwa Abubakari likiyumba kwenye mashimo kama mlevi. Mama Lenku akalitazama likivuka. Miaka miwili yake ilikuwa inavuka nalo.

Cornel alibaki amesimama, mguu mmoja peku. Mama Lenku angemtukana ingekuwa nafuu.

"Baba," akasema mwishowe, "nimekulisha wali hapa kila mwaka."

"Ndiyo."

"Na wewe unajua."

"Nilidhani yamekuwa udongo. Jumatatu ndiyo nilijua."

"Jumatatu. Leo ni lini?"

"Jumatano."

"Utashuka wewe," akasema. "Sitaki kibarua. Wewe."

Akashuka kesho yake, baada ya kubomoa zege lote la kona mpaka likapatikana tundu la kuingiza ngazi. Hakuna aliyemsindikiza. Kule chini makapi yalikuwa meusi, malaini, yamejikunja kwenye kuta zote, na ule uji wake wa ndoo nne ulikuwa umeganda juu yake kama kinyesi cha kuku. Ukuta wa udongo ulikuwa unadondosha vibonge. Juu aliona mraba wa mbingu tu. Akashika ngazi kwa mikono miwili, akakaa hivyo kitambo, anapumua kwa mdomo. Alimwona Hildegarda akishushwa kaburini. Kisha akachukua koleo, kwa sababu hapakuwa na jambo jingine la kufanya mle.

Alitaka waweke turubai, watu wasione. Mama Lenku akakataa.

"Wakiona panafunikwa watasema kuna maiti. Wakiona panajengwa watasubiri. Acha wazi."

Basi wakaona. Wateja walikula wakimtazama akipanda na kushuka. Vijana wa bodaboda wakampa jina.

"Fundi Makapi! Huko chini kuna sukari?"

"Shuka uonje," akajibu siku ya tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kujibu.

Alitoa makapi yote. Akaweka mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha kifusi, tabaka la shubiri, maji, anashindilia kwa gogo mpaka mkono unakufa, tabaka jingine. Kila tabaka alimwita Mama Lenku alitazame kabla hajalifunika. Hakuombwa afanye hivyo. Mama Lenku alikuja, akatazama, akaondoka. Siku ya nane alisema, "Hapo kona ya kushoto hujashindilia." Ilikuwa kweli.

Zege lilipomwagwa lilinyweshwa maji asubuhi na jioni wiki nne.

Wiki hizo basi lilisimama kwa Abubakari. Mvua ya mkupuo ilinyesha siku mbili, na abiria walishuka kwenye tope wakiwa na watoto mgongoni. Mama mmoja aliyekuwa anapelekwa hospitali aliteleza, wakambeba wanne. Wengine wakaanza kubaki ndani ya basi na njaa yao. Siku moja Hussein alivuka barabara kwa miguu, suruali imekunjwa magotini, akasimama kwenye ukingo wa zege.

"Shikamoo, mzee. Bado?"

"Marahaba. Bado."

"Pilau yake tamu sana yule bwana. Ila naogelea kuifuata."

"Bado," Cornel akasema tena. Hakutaka mtu amharakishe. Alishaharakishwa.

Siku ilipofika, Hussein aliwashusha abiria wote barabarani kwanza. Cornel alipoona hivyo akaanza kuondoka, taratibu, kuelekea upande wa magari ya Kilosa.

"Baba," Mama Lenku akaita. "Unakwenda wapi?"

"Hapo tu."

"Kaa hapa."

Akasimama kando yake. Basi tupu likaja. Gurudumu la mbele likapanda ukingo, likaingia kwenye zege jipya, na Cornel akauma meno mpaka taya likalia. Likapita. Ya nyuma yakaja, mazito zaidi, yale mawili mawili. Alitazama ukingo wa zege kuona kama utafumuka. Hussein akageuza, akarudi juu ya palepale, akasimama, akazima injini. Akaacha basi lote limekaa pale.

Hapakutokea kitu.

Abiria wakaanza kuvuka uwanja, viatu vikavu, wakiuliza choo kiko wapi, wakiuliza nyama ni ya leo au ya jana. Mama Lenku akaingia ndani kuwahudumia. Baadaye Upendo akamletea sahani ya wali na nyama, akamwonyesha kiti kivulini.

Cornel akaipokea, hakuketi. Alikula amesimama, macho kwenye gurudumu, mpaka basi lilipoondoka.